Rungu la Fedha na Mtani Wangu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba napenda besiboli. Nilikana mbele ya binti yangu, nikakana mbele ya wanafunzi wangu wa chuoni, na nilikana kwa maandishi, katika makala niliyoandikia jarida dogo la Waswahili wa Toronto. Humo niliueleza mchezo huo kuwa ni wanaume wazima waliovaa pajama, wanatafuna, wanatema mate, na wanasubiri kitu kitokee. Makala ilipendwa. Wanawake walinisimamisha nje ya msikiti kunipongeza. Hawakujua kwamba jioni ile jarida lilipotoka nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mtu, ghorofa ya kumi na moja huko Kingsview Village, nikimfokea mwamuzi aliyekuwa ndani ya runinga.

Sasa nakiri. Naupenda. Na kuliko mchezo wenyewe, nilipenda tuzo yake moja inayotolewa kila mwaka mwezi wa Novemba, baridi ikishaanza na viwanja vikiwa vimefungwa. Wanawapa wapigaji bora rungu la rangi ya fedha, mfano wa lile wanalopigia mpira. Kila nafasi uwanjani ina mpigaji wake bora: wa kituo cha kwanza, wa kituo cha pili, na kuendelea. Wanaopiga kura si mashabiki wala waandishi wa habari. Ni makocha wa timu, na kocha haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba ukipata rungu lile, umepewa na watu uliowatesa msimu mzima.

Nilikana na jambo la pili pia, ila hilo lina mtu ndani yake, na mtu huyo lazima aingie kwanza.

Baba yangu alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumbani Kisarawe, na mimi nikiwa Parkdale, hapa Toronto, na mtoto mdogo, na karatasi za ukaazi ambazo hazikuniruhusu kutoka nchini. Nikamsomea hitima huku huku, kwenye ukumbi wa kukodi, mwezi wa Aprili, theluji ya mwisho ikiwa bado imejikunja pembeni mwa barabara. Walikuja watu wa Mombasa na wa Bujumbura, walikuja majirani zangu Wakongomani ambao si Waislamu lakini wanajua msiba ni nini. Tulipomaliza dua, kabla pilau halijapakuliwa, akasimama mwanamume mmoja nisiyemjua, mrefu, mwenye kipara kinachong'aa, akachukua koti langu lililokuwa mgongoni mwa kiti, akalivaa. Lilimfika kiunoni.

"Wazaramo!" akasema kwa sauti kubwa. "Mzee wenu ameondoka bila kuniaga. Mimi nilikuwa na mzigo wake hapa begani tangu enzi za babu zetu. Sasa niutue wapi?"

Jirani yangu Mkongomani alishika shavu, akanong'ona, "Mama, huyu bwana ni mgonjwa?"

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa Mnyamwezi. Kwa msomaji ambaye kwao hakuna jambo hili: sisi Wazaramo wa pwani na Wanyamwezi wa Tabora ni watani, tangu siku zile misafara ilipokuwa inashuka kutoka bara ikiwa na mizigo kichwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kuchukua kitu chako mpaka ukikomboe, na hasa kwenye msiba ana kazi ya kuwafanyia wafiwa vituko mpaka wacheke. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi nilikuwa sijacheka tangu simu ya msiba iingie. Nilimtazama mtu yule akiwa ndani ya koti langu la kike, mikono imeishia kwenye viwiko, nikasema, "Mpagazi, ukishatua mzigo ukapakue pilau." Kisha nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alidhani nimepatwa na jambo.

Koti hakulirudisha. Alisema nitalikomboa.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kutaja fidia: nikatazame naye mechi moja ya besiboli, mwanzo hadi mwisho. Mimi, mwanamke niliyesoma hadi shahada ya pili, sikufanya utafiti wowote. Nilidhani mechi ni dakika tisini, kama mpira wa watu wenye haraka. Nilipanda mabasi mawili hadi kwake nikiwa nimevaa sweta mbili kwa kukosa koti, nikakaa, nikatazama. Baada ya saa moja na nusu nilisimama, nikamshukuru kwa chai.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Imekwisha."

"Hata katikati hatujafika. Kaa chini, mwali wee, usije ukasema Mnyamwezi alikunyima haki yako."

Alikuwa mjane, mhandisi wa maji katika ofisi moja ya serikali, na alikuwa amejifunza besiboli katika kiangazi chake cha kwanza Kanada, kwa sababu, alisema, kile kilikuwa kipindi pekee kwenye runinga ambacho watu wake hawakuwa na haraka ya kusema lolote. Mimi nilikuwa nimeachika. Nasema hivyo kama anavyosema mtu anayejaza fomu. Nilikuwa nimeamua kwamba upande ule wa maisha nimeshaufunga, na nilikuwa nafurahia kuwaambia watu kwamba nimeufunga.

Basi ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka. Jumapili nyingi za kiangazi nilikwenda kwake na binti yangu na bakuli la visheti, ndege za abiria zikishuka juu ya paa kwa kishindo kiasi kwamba tulikuwa tunanyamaza wote watatu mpaka zipite, kisha mtu anaendelea na sentensi yake. Nilijifunza kwamba mpigaji anayekosa mara nyingi kuliko anavyopata bado anahesabiwa kuwa hodari. Nilijifunza kutazama miguu ya mpigaji badala ya mikono. Nikirudi Parkdale nikiulizwa nilikuwa wapi, nilisema nilikwenda kumjulia hali mtani wangu, ambaye ana upweke.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari za rungu la fedha. Aliipenda tuzo ile kuliko kombe.

"Kombe unalipata na timu," alisema. "Hili unapewa na adui. Kocha amekaa mwaka mzima anaumwa tumbo kwa sababu yako, halafu mwisho wa mwaka anaandika jina lako. Huo ndio utani wenyewe."

"Wanyamwezi hata kwenye mchezo wa Wazungu mnatafuta wapagazi."

"Na nyie Wazaramo mngepewa rungu hilo mngeliuza mkacheze ngoma ya mwali."

Ilikuwa Novemba ya kwanza au ya pili, sikumbuki, alipolisema mara ya kwanza. Tulikuwa tunasubiri majina ya mwaka ule, na mpigaji mmoja wa timu yetu alikuwa anatajwatajwa. Akasema, akiwa anamenya chungwa, "Rungu likija Toronto, nakuoa."

"Mnyamwezi hanioi mimi," nikajibu, "mpaka anibebe mgongoni kutoka Tabora hadi baharini."

Tukacheka. Sikumbuki hata kama rungu lilikuja. Kuna miaka lilikuja, kuna miaka halikuja, na sharti likawa linabadilika: safari hii lazima liwe la kituo cha kwanza, safari ile lazima yawe mawili. Kila Novemba aliniposa, na kila Novemba nilimtusi. Binti yangu alikuwa ameshazoea. Anakielewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na siku moja, akiwa na miaka kumi na tano, tukiwa kwenye basi kurudi nyumbani, aliniuliza kama nina habari kwamba yule mzee anasema kweli.

"Huyo ni mtani," nikamwambia. "Mtani anaweza kukuita mke wake mbele ya mumeo. Haina maana."

Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba hilo linaonekana kuwa na manufaa sana kwa mtu mwoga. Sikumwuliza mwoga ni nani kati yetu.

Hilo ndilo jambo la pili nililolikana. Na nilikuwa nimejificha mahali pazuri. Mtani akikuposa, kwa desturi huruhusiwi kumkasirikia, lakini pia huruhusiwi kumwamini. Ningemjibu kwa dhati, ningekuwa mjinga wa mwaka, mwanamke asiyejua mila za kwao. Na yeye angeacha kucheka, angekuwa amevunja kitu kilichotuweka pamoja kwenye kochi lile. Kwa hiyo tulibaki tunatukanana, na tunazeeka.

Kisha ukaja mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, ambao mpigaji wetu wa kituo cha kwanza alikuwa anapiga kama amerogwa. Hata wanafunzi wangu waliokuwa wakilala darasani walikuwa wanamzungumzia. Mwishoni mwa Septemba mtani alikuja kwangu Parkdale, siku ya kazi, bila taarifa, akiwa na chupa ya asali aliyoletewa kutoka Tabora. Hakuvua koti. Nikamwekea chai.

"Mwaka huu tumalizane," akasema.

"Tumalizane nini?"

"Akipata rungu, natuma wazee kwa shangazi yako. Asipopata, sitaji tena habari ya ndoa mpaka tutakapozikana."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mtani ambaye hacheki ni kitu cha kutisha sana, kama daktari anayevua miwani.

"Haya, nimekubali," nikasema, kwa sauti yangu ya utani.

"Umekubali kama mtani, au kama mtu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema neno moja la maana. Miaka ile yote nilikuwa nawafundisha vijana wa watu kuandika waziwazi, kutaja wanachokitaka katika sentensi ya kwanza. Nikasema, "Nimekubali kama Mzaramo."

Alimaliza chai yake. Akashukuru, akaondoka, asali akaiacha mezani.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa ajabu. Nilisoma takwimu kwenye kompyuta ya ofisini, nikizificha nyuma ya insha za wanafunzi kila mtu alipopita. Niligundua kwamba kulikuwa na mpigaji mwingine wa kituo cha kwanza, katika mji mwingine, kijana mwenye uso mpole, ambaye hakuwa amenikosea lolote, na nikamchukia. Nilikuwa namwombea mafua. Nilipokuwa nazungumza na mtani kwa simu tulizungumzia hali ya hewa kama Wakanada.

Nilimpigia shangazi yangu Kisarawe. Baada ya baba kufariki, yeye ndiye mkubwa wetu, na posa yoyote ingepitia kwake. Nilizunguka sana. Mwisho nikamweleza.

"Besiboli ndiyo nini?" akauliza.

"Ni mchezo, shangazi. Mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa rungu, halafu anakimbia."

"Anamkimbia nani?"

"Hamkimbii mtu. Anazunguka vituo vinne, anarudi pale pale alipoanza."

"Sasa si angekaa tu?"

"Shangazi."

"Nakusikiliza. Kwa hiyo wewe, na umri huo, na elimu yote tuliyouza minazi kukupa, umesema ndoa yako iamuliwe na mtu mwenye rungu."

"Ilikuwa utani."

"Wake au wako?"

Shangazi akashusha pumzi. Nilisikia jogoo nyuma yake.

"Nikuambie, mwanangu. Mnyamwezi akisema, asikupe tabu, mjibu matusi yake yaishe. Mtu mzima anayetaka kuoa hasemi. Anatuma watu. Siku ukiona watu, ujue. Kabla ya hapo kula asali yake ukalale."

Nilikula asali. Sikulala vizuri sana.

Majina yalitangazwa siku ya Alhamisi, jioni. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alikaa nami mezani akijifanya anasoma. Niliifungua kompyuta. Kituo cha kwanza kilikuwa cha kwanza kwenye orodha, bila hata heshima ya kukuacha usubiri kidogo. Lilikuwa jina la yule kijana mwenye uso mpole.

"Pole, mama," binti yangu akasema. Alisema kwa Kiswahili. Ndiyo sababu nakumbuka.

"Pole ya nini? Ni mpira tu."

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilikuwa najiambia kwamba makocha wamekosea, kwamba hawakuhesabu mabao ya mwezi wa Agosti, kwamba mtu wetu anaonewa kwa sababu anacheza nje ya Marekani. Nilikuwa na hoja nzuri nyingi. Nilipofika kwenye sufuria ya tatu nilielewa kwamba sikuwa nawaza habari za mpigaji hata kidogo. Nilikuwa nawaza kwamba mtu yule ni wa kutimiza neno. Alisema hatataja tena, na hatataja tena. Tutaendelea kula visheti Jumapili, ndege zitapita juu yetu, na Novemba itakuja atamenya chungwa lake kimya.

Simu ikaingiza ujumbe wake. "Wamemnyima."

Nikaandika, "Pole mtani." Nikafuta. Nikaandika tusi moja zuri kuhusu wapagazi wanaobeba mikosi. Nikafuta. Nikatuma, "Pole mtani."

"Asante," akajibu. Hakuna zaidi.

Ijumaa haikuwa na lolote. Nilifundisha, nikarudi, nikapika wali ukashika chini. Binti yangu akaniuliza kwa nini nisimpigie tu. Nikamweleza kuhusu desturi, na heshima, na jinsi mwanamke wa kwetu asivyoweza kujiposa mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akanikumbusha kwamba mwaka uliopita nilialikwa kuzungumza ukumbini kuhusu uhuru wa mwanamke wa Kiafrika, na kwamba yeye ndiye aliyepanga viti.

Jumamosi asubuhi, saa moja, nilikaa kitandani nikaishika simu. Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kwanza, fupi, iliyotaja nilichokitaka, kama ninavyowafundisha wengine. Nilikuwa nimefika kwenye jina lake, kidole kimesimama juu yake, simu ikalia mkononi mwangu karibu niirushe. Namba ilikuwa ya Tanzania.

"Umeamka?" Alikuwa shangazi. Alikuwa ananong'ona, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nimeamka. Shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Kuna wazee wawili wamesimama mlangoni kwangu wana dumu la asali. Mmoja ana kanzu mpya. Wanasema wametoka Tabora."

Nilishusha miguu sakafuni.

"Unanisikia? Mmoja anasema ni baba mdogo wa huyo mtani wako. Kaniita mtumwa wake kabla hata ya salamu, mbele ya majirani. Nimewaacha wasimame kwanza. Wewe uliniambia mtu wa rungu akishinda ndiyo watakuja. Kwa hiyo ameshinda?"

"Hajashinda, shangazi."

"Hajashinda?"

"Alinyimwa. Juzi. Alhamisi."

"Sasa hawa wamefuata nini?"

Lilikuwa swali la haki kabisa, nami nikauliza langu badala ya kulijibu. "Waulize wametoka Tabora lini."

Nilisikia akiondoa simu sikioni. Nilisikia sauti yake, kubwa sasa, ya kuwahoji watu walio juani, na sauti ya kizee ikimjibu kwa maneno mengi, na kicheko cha majirani.

"Wanasema walipanda treni Jumatano," akarudi. "Ikaharibika njiani, wakalala Dodoma, wamefika Dar usiku wa jana. Huyu mmoja anasema reli imemvunja mgongo, anataka Mzaramo yeyote ambebe mpaka kwenye kiti." Alisita. "Jumatano, na mpira wenu ulikuwa Alhamisi?"

"Ndiyo."

Shangazi akazirudia siku hizo mbili taratibu, kama anayehesabu. Simu kutoka kule ilikuwa inakula salio lake.

"Basi huyo hakuwa anasubiri rungu," akasema. Kisha kwa sauti ya kazi, sauti ya mtu mwenye wageni na mchele usiotosha: "Sasa niambie upesi, jua linawapiga. Nikiwafungulia mlango wakaketi, ujue nimewapokea, na maneno yao nimeyasikia, hakuna tena kusema ilikuwa utani. Nikiwaambia wewe ni mzee umechoka, watacheka, watakunywa maji, watarudi kwao, na hakuna atakayeaibika. Nifanyeje?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, nywele zimemsimama, ananitazama usoni.

"Wakaribishe," nikasema. "Waketi."

Nilisikia komeo la mlango, na viti vikiburutwa kwenye sakafu ya saruji, na yule mzee asiyeujua hata uso wangu akipaza sauti ili nimsikie mpaka Toronto: "Mwambieni huyo mwanamke tumeubeba mzigo mpaka pwani! Sasa autue yeye!"